Miaka Ishirini Baada ya Mshono

Tarehe 24 Januari 1986, katika ukumbi wa michezo wa mji wa Matsue, Japani, mchezaji wa voliboli Flo Hyman alitolewa uwanjani kumpisha mwenzake. Aliketi kwenye benchi akiendelea kuwashangilia wenzake. Muda mfupi baadaye aliteleza kutoka kwenye benchi na kuanguka sakafuni. Alikuwa na umri wa miaka 31, urefu wa sentimita 196, na miaka miwili kabla ya hapo aliiongoza Marekani kupata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles. Jioni hiyo hiyo alitangazwa kuwa amefariki.

Watu walidhani ni mshtuko wa moyo. Familia yake haikuridhika, ikaomba mwili uchunguzwe California. Moyo wa Hyman ulikutwa mzima kabisa. Kilichomuua ni tundu dogo, lenye ukubwa wa sarafu, kwenye aota, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Pembeni ya tundu hilo kulikuwa na damu iliyoganda ya wiki tatu hivi. Maana yake mshipa ulikuwa umeanza kuchanika akiwa bado anafanya mazoezi na kucheza mechi, ukaanza kujiponya, kisha ukashindwa. Hyman alikuwa na ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha tishu inayoushikilia mwili pamoja, na hakuna aliyewahi kumwambia. Baada ya mazishi ndugu yake wa kiume alipimwa, akakutwa na ugonjwa huo huo, akafanyiwa upasuaji.

Ndugu huyo aliwahi kwa sababu upasuaji wenyewe ulikuwepo tayari. Kufikia mwaka ule ulikuwa na umri wa takriban miaka 20, na madaktari walikuwa wameanza kupata jibu la swali ambalo siku ya kwanza halikuwa na jibu: mtu aliyeshonewa shina jipya la aota anaishi muda gani, na anaishi vipi?

Aota huchomoza juu ya moyo, hupanda kuelekea shingoni, hukunja kona na kushuka mgongoni hadi tumboni. Sentimita chache za mwanzo ndizo shina lake. Kipande hicho kidogo kina kazi nyingi kupita kiasi. Kuna valvu yenye vijani vitatu vyembamba vinavyozuia damu isirudi moyoni. Nyuma ya vijani hivyo ukuta umetuna kidogo, na kwenye vituta hivyo kuna matundu mawili ya mishipa inayoulisha msuli wa moyo wenyewe. Moyo hupiga karibu mara laki moja kwa siku, na kila pigo hulifikia shina hili kwanza, kabla ya sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Kwa mtu mzima shina hilo huwa na upana wa sentimita tatu na ushei. Kwa mwenye Marfan hutanuka polepole, bila maumivu, mwaka hadi mwaka. Ukuta unapozidi kuwa mwembamba, tabaka la ndani huweza kuchanika, na damu ikaingia kati ya tabaka moja na jingine, ikayaachanisha kama bitana ya koti inapobanduka kutoka kwenye kitambaa. Kuanzia hapo muda huhesabiwa kwa saa.

Kifo cha namna hii kilielezwa vizuri kwa mara ya kwanza kwa sababu aliyekufa alikuwa mfalme. Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1760, George wa Pili wa Uingereza alianguka katika jumba lake la Kensington. Daktari Frank Nicholls alipoupasua mwili alikuta mfuko unaouzunguka moyo umejaa damu iliyoganda, na kwenye aota kulikuwa na mpasuko. Aliandika alichokiona kwa uangalifu mkubwa. Kwa karibu karne mbili baada ya hapo, madaktari waliweza kukieleza kifo hicho, lakini hawakuweza kukizuia.

Mwaka 1896, mjini Paris, daktari wa watoto Antoine Marfan aliwaonyesha wenzake mtoto wa kike wa miaka mitano mwenye mikono, miguu na vidole virefu kuliko kawaida. Hakusema lolote kuhusu aota. Uhusiano huo ulikuja kuwekwa wazi katika miaka ya 1950 na Victor McKusick wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliyezifuata familia kizazi baada ya kizazi na kuona kwamba tishu inayoushikilia mwili pamoja ilikuwa dhaifu kila mahali: kwenye macho, kwenye maungio, na kwenye ukuta wa mshipa mkuu. Mwaka 1972 timu yake ilitoa hesabu ya vifo. Wastani wa umri wa waliokufa ulikuwa miaka 32. Kati ya wale ambao sababu ya kifo ilijulikana, zaidi ya tisa katika kila kumi waliuawa na moyo au aota.

Ili mshipa ubadilishwe, vitu viwili vilihitajika. Kwanza mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio Mei 1953. Pili, kitu cha kushonea mahali pa mshipa uliotolewa.

Kitu hicho cha pili kina hadithi yake. Michael DeBakey alizaliwa Louisiana na wazazi wahamiaji kutoka Lebanoni, na mama yake alimfundisha kushona angali mtoto. Akiwa daktari wa upasuaji mjini Houston mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikwenda dukani kununua kitambaa cha nailoni ili atengeneze mrija wa mshipa. Nailoni ilikuwa imekwisha, muuzaji akampa kitambaa kipya kiitwacho Dacron. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye cherehani ya mkewe na kushona mirija. Kwa bahati, nailoni hudhoofika ndani ya mwili, ila Dacron hudumu. Mirija ya kitambaa hicho bado inatumika duniani kote.

Mwaka 1956 DeBakey na Denton Cooley waliweza kuondoa aota inayopanda na kuweka mshipa mbadala. Lakini kushona juu ya shina na kushona shina lenyewe ni mambo mawili tofauti. Kwa miaka kadhaa madaktari walibadilisha valvu upande mmoja na mshipa upande wa pili, wakiacha katikati kipande cha ukuta wa zamani chenye matundu ya mishipa ya moyo. Kwa mwenye Marfan, kipande hicho ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote.

Waliokata shauri ni Hugh Bentall na Antony De Bono wa Hospitali ya Hammersmith, London. Walikutana na mgonjwa ambaye ukuta wa shina lake ulikuwa umekonda hadi chini kabisa kwenye pete ya valvu, hapakubaki mahali imara pa kupitisha sindano. Wakachukua valvu ya Starr, ile ya mpira mdogo uliofungiwa ndani ya kizimba, wakaishonea kwenye mdomo wa mrija wa Teflon, kisha wakaushona mrija mzima kwenye pete ya moyo. Walitoboa matundu mawili kwenye mrija na kuyashonea kwenye matundu ya mishipa ya moyo. Ukuta wa zamani hawakuutupa. Waliufunga kuuzunguka mrija ili uzuie damu itakayovuja kwenye mishono. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1968 katika jarida la Thorax na ilichukua kurasa mbili tu. Hadi leo upasuaji huo huitwa Bentall.

Kurasa mbili hazikuweza kusema mgonjwa angekuwaje mwaka 1978 au 1988. Ilibidi wagonjwa wenyewe waishi na warudi kliniki. Waliporudi, walikuja na habari ambazo chumba cha upasuaji hakikuwa nazo. Katika nafasi kati ya mrija na ukuta wa zamani uliofungwa juu yake, damu ilikuwa ikijikusanya, ikisukuma na kuvuta mishono ya mishipa ya moyo. Kwa baadhi yao mishono iliachia kidogo kidogo, na uvimbe mpya ukaota pale pale palipotibiwa.

Mjini Paris, Christian Cabrol alijaribu njia nyingine mwaka 1981: mrija mwembamba wa pembeni uliounganisha mshipa mmoja wa moyo na mwingine, ili mshono usivutwe. Mvuto ulipungua kweli, ila mrija mwembamba huweza kujikunja au kuziba. Suluhisho lililodumu lilipewa nguvu na Nicholas Kouchoukos nchini Marekani. Badala ya kushona tundu la mshipa likiwa bado limeshikana na ukuta mbovu, daktari hulikata na kiduara kidogo cha ukuta kinacholizunguka, kama kifungo cha shati, akalilegeza, kisha akalishona moja kwa moja kwenye mrija. Ukuta wa zamani hauhitajiki tena kufunika chochote. Mwaka 1991 Kouchoukos na wenzake walichapisha matokeo ya upasuaji 172 wa miaka 16, na ilionekana wazi kwamba vifungo vilishinda njia ya zamani ya kuufunga ukuta juu ya mrija. Mbinu hiyo haikutoka kwenye wazo la ghafla. Ililetwa na wagonjwa walioharibikiwa baada ya miaka mitano, minane, kumi, na madaktari waliokubali kurudi kuangalia kazi yao wenyewe.

Hakuna aliyefanya kazi hiyo ya kurudi na kuhesabu kwa uvumilivu kumshinda Vincent Gott wa Johns Hopkins. Alimfanyia mgonjwa wake wa kwanza wa Marfan upasuaji wa Bentall Septemba 1976, na hakuacha kuwafuatilia waliofuata. Mwaka 1999 yeye na wenzake kutoka hospitali 10 za Amerika Kaskazini na Ulaya waliunganisha kumbukumbu za wagonjwa 675 wa Marfan waliobadilishiwa shina la aota.

Takwimu hizo zinafaa kusomwa polepole. Wagonjwa 455 walifanyiwa upasuaji uliopangwa, kabla ya hatari kubisha hodi. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 1.5. Wagonjwa 117 walikuwa wa haraka. Walikufa asilimia 2.6. Wagonjwa 103 walifikishwa mezani kwa dharura. Walikufa asilimia 11.7. Ugonjwa ni ule ule, mrija ule ule, mara nyingi hata mikono ya daktari ni ile ile. Kilichowatofautisha ni siku waliyofika.

Na baadaye? Asilimia 84 walikuwa hai baada ya miaka mitano, 75 baada ya miaka kumi, 59 baada ya miaka ishirini. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku 60 za mwanzo, ikashuka upesi, na kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza ikatulia. Baltimore peke yake matokeo yalikuwa mazuri zaidi: katika ripoti ya mwaka 2002, kati ya wagonjwa 235 waliofanyiwa upasuaji uliopangwa, hakuna hata mmoja aliyekufa ndani ya siku 30. Kati ya 36 wa haraka na wa dharura, walikufa wawili.

Hesabu za umri nazo zilibadilika. Mwaka 1972 nusu ya wenye Marfan walitarajiwa kufika miaka 48. Hesabu ya mwaka 1993, iliyochapishwa miaka miwili baadaye, ilisema 72. Si upasuaji peke yake uliofanya hivyo. Kipimo cha eko kiliwaonyesha madaktari upana wa shina bila kufungua kifua, dawa za kupunguza nguvu ya mapigo ya moyo zilisaidia, na wagonjwa wenye dalili nyepesi, ambao zamani hawakujulikana, sasa walihesabiwa pia. Hata hivyo, miaka 24 ya nyongeza ni mingi mno kwa ugonjwa ambao hauna tiba ya kuuondoa.

Faida hiyo haikumfikia kila mtu. Januari 1996 mtunzi wa muziki wa jukwaani Jonathan Larson alipata maumivu ya kifua mjini New York, siku chache kabla ya onyesho la kwanza la tamthilia yake ya muziki, Rent. Alikwenda hospitali mbili tofauti ndani ya siku hizo. Moja ilimwambia ni sumu ya chakula, nyingine mafua. Tarehe 25 Januari alikutwa amekufa nyumbani kwake, aota imechanika. Alikuwa na miaka 35. Upasuaji ambao ungeweza kumwokoa ulikuwa ukifanyika katika mji ule ule. Inauma kusoma habari hiyo, kwa sababu kilichokosekana ni mtu wa kuwaza kwamba maumivu makali ya ghafla ya kijana mrefu, mwembamba, yanaweza kuwa mshipa mkuu.

Kwa waliofanyiwa upasuaji mapema, tatizo likawa jingine: kuishi na valvu ya chuma. Mgonjwa huisikia ikigonga usiku nyumba inapokuwa kimya. Damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo hulazimika kumeza wafarini kila siku maisha yake yote. Dawa hiyo haina huruma kwa mzembe. Ikipungua, bonge la damu huweza kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Ikizidi, damu hutoka mahali pasipotarajiwa. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Hata mboga za majani zina hesabu yake, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, na anayekula mchicha kila siku wiki hii na kuuacha wiki ijayo huvuruga vipimo vyake. Mwanamke anayetaka kuzaa hukabiliwa na uamuzi mgumu zaidi, maana wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya tishu ya mnyama huondoa shida ya wafarini, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Ikiwa kibovu ni ukuta, mbona valvu ya mgonjwa itupwe? Mara nyingi vijani vitatu ni vizima. Vimeachana tu kwa sababu pete na ukuta vimetanuka. Magdi Yacoub, Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alianza katika miaka ya 1970 kuuondoa ukuta mbovu na kuushona mrija uliokatwa kwa umbo la kufuata valvu yenyewe. Mwaka 1988 mjini Toronto, Tirone David, aliyezaliwa Brazili, alikwenda hatua nyingine: aliiingiza valvu nzima ya mgonjwa ndani ya mrija na kuishona humo, ili pete isiweze kutanuka tena.

Wengi walikuwa na shaka. Je, vijani vyenye tishu ya Marfan vitadumu vikigonga ukuta wa kitambaa? Jibu lilihitaji miaka, na David aliisubiri. Mwaka 2021 timu yake ilieleza yaliyowapata wagonjwa 465. Baada ya miaka 20, uwezekano wa kurudishwa mezani kwa ajili ya valvu ulikuwa takriban asilimia 6. Wengi wa watu hao hawakuwahi kumeza wafarini kwa sababu ya upasuaji ule.

London nako kulikuwa na njia ya Donald Ross, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1967 alihamisha valvu ya mgonjwa kutoka kwenye mshipa wa mapafu na kuiweka mahali pa valvu ya aota. Ilitukuzwa, ikaachwa na wengi, kisha ikarudi kwa nguvu mwaka 2010, pale jaribio lililoongozwa na Yacoub lilipolinganisha wagonjwa 108 wa njia hiyo na 108 waliowekewa shina lililotolewa kwa maiti. Baada ya miaka kumi, waliokuwa hai walikuwa asilimia 97 upande wa kwanza na 83 upande wa pili. Kwa mwenye Marfan njia hii kwa kawaida haishauriwi, kwa sababu mshipa unaohamishwa una udhaifu ule ule.

Mabadiliko mengine yalitoka kwa mgonjwa. Tal Golesworthy, mhandisi wa Uingereza, alikuwa na Marfan na shina linalotanuka. Alipoelezwa kuhusu Bentall na wafarini ya maisha, alichukizwa na wazo hilo, akauliza swali la kihandisi: kwa nini bomba linalovimba lisifungwe kwa nje? Kwa picha za MRI na kompyuta alitengeneza mfano halisi wa aota yake mwenyewe, kisha wavu wa polista unaolingana nao kabisa. Mei 2004, katika Hospitali ya Royal Brompton, daktari John Pepper aliuvisha wavu huo kwenye shina lake. Valvu yake haikuguswa na mshipa wake haukukatwa. Wagonjwa wengine mamia wamefuata. Kwa kuwa njia hii bado ni changa ikilinganishwa na Bentall, safu ya miaka 20 katika kitabu chake ndiyo kwanza inaanza kujazwa.

DeBakey naye alikuja kuvaa kitambaa chake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, alipata maumivu makali akiwa nyumbani Houston, akatambua mara moja ni nini. Mwanzoni hakutaka kupasuliwa. Februari 2006, hali ilipozidi na akapoteza fahamu, madaktari wa usingizi walisita kumlaza mezani mtu wa umri ule, kamati ya maadili ikaitishwa, na mkewe Katrin akashinikiza afanyiwe. Upasuaji wa saa karibu saba ulifanywa na madaktari aliofanya nao kazi, wakabadilisha aota inayopanda kwa mrija wa Dacron. Alikaa hospitali miezi mingi, akatoka, akarudi kazini na kushukuru kwamba hawakumsikiliza. Alifariki Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100.

Ripoti ya Gott ya 1999 ilikuwa na jambo moja zaidi, ambalo madaktari wa leo wanalishughulikia kila wiki. Kati ya vifo 114 vilivyotokea baada ya siku 30 za kwanza, 22 vilisababishwa na kuchanika au kupasuka kwa sehemu ya aota iliyobaki, na 21 na mapigo ya moyo yaliyovurugika. Mrija hufika mahali pake na kukoma. Mbele yake kuna upinde wa aota, kisha sehemu zake za mgongoni na tumboni, zote zikiwa zimejengwa kwa protini ile ile yenye hitilafu, fibrilini, ambayo jeni yake Hal Dietz na wenzake waliitambua mwaka 1991. Mwaka 2005 Dietz na Bart Loeys walieleza ugonjwa mwingine wa jamii hiyo, ambao aota huchanika ikiwa bado na upana ambao kwa Marfan ungesubiriwa. Ndiyo maana sasa jeni hupimwa kabla ya daktari kuamua siku ya upasuaji. Mwenye Marfan kwa kawaida hupelekwa mezani shina linapofika sentimita 5, na mwenye ugonjwa huo wa pili mapema zaidi, huku wazazi, ndugu na watoto wake wakiitwa kupigwa eko.

Walioshonwa wakiwa na miaka 25 katika enzi za Gott sasa wana miaka 50, 60 na zaidi. Kliniki zinawaona wakiwa na matatizo mapya: nyonga zilizochakaa, macho, na aota ya tumboni inayotanuka polepole na kuhitaji mrija wa pili. Baadhi yao huja wakiwa na wajukuu, na mjukuu naye hupimwa siku hiyo hiyo.